Namba 4417 ya Bunduki ya Mjerumani

SEHEMU YA SITA

Kidole gumba cha mzee Saulo Luvanda bado kiko palepale tulipokiacha Jumapili iliyopita: juu ya chuma baridi cha bunduki, kwenye tarakimu ya mwisho.

"Hii siyo bunduki yangu," alisema.

Sebuleni walikuwemo watu wanne tu. Mzee mwenyewe, kipofu kwa mwaka wa kumi na moja sasa. Binti yake Benedicta, fundi cherehani, anayemlisha na kumwogesha. Mwanawe wa kwanza Crispin, msomba magogo wa Mgololo, aliyeichukua bunduki akaipeleka Mbeya "kuitoa kutu" na kuirudisha asubuhi ya Jumapili hii. Na Evarista, mke wa Crispin, aliyekuwa akitazama vidole vya miguu yake.

Kama ndiyo kwanza unajiunga nasi, shika hili moja: bunduki hiyo aliiacha babu yake mzee Saulo, askari wa Mjerumani katika vita ile ya kwanza. Polisi wanaifahamu, kibali kipo kwa jina la mzee, na risasi haijaionja tangu mkoloni afunge virago. Kila Jumapili baada ya misa mzee huipakata na kuisoma kwa kidole, kama wengine wanavyosali rozari.

Crispin akacheka. "Baba, vidole navyo huzeeka."

"Bene, nisomee namba."

Benedicta akainama. "Nne, nne, moja, saba. Ni ileile, baba."

"Na kwenye komeo?"

Komeo ni kile chuma kinachovutwa nyuma kabla ya kufyatua. Benedicta akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. "Hapa pia ni ileile."

"Basi yamekwisha," Crispin akasema. "Tukale."

"Saba yangu ina mkia uliokatika," mzee akasema taratibu. "Babu alitwambia, Mjerumani alipokuwa anagonga chapa, nyundo iliteleza. Saba hii ina mkia mzima. Halafu ina ncha, inakwaruza. Chuma cha miaka mia hakikwaruzi, mwanangu. Hii imegongwa juzi."

Evarista akajishika shingo.

Crispin hakucheka tena. Alimkamata baba yake kiganja, akakikandamiza kile kidole juu ya namba, akawa anakisugua huku na huku.

"Soma tena! Mkia upo au haupo? Soma, mzee!"

"Kaka, unamuumiza!"

"Nimekuuliza wewe? Soma!"

Ncha za chapa mpya zikaichana ngozi. Damu ikajaa ndani ya nne ya kwanza, ikahamia ya pili. Mzee hakulia. Alitamka neno moja tu.

"Umeiuza."

Crispin akamwachia. Akaipangusa bunduki damu kwa kutumia shati la baba yake mwenyewe, pale kifuani, mzee akiwa amelivaa.

"Wiki jana uliniita kwa jina la marehemu baba mdogo," akasema. "Ukianza na kuniita mwizi, nitakutafutia nyumba ya kulea wazee. Huko utasoma vijiko."

Benedicta alimfunga baba yake kidole kwa kipande cha kanga. Kichwa kilikuwa kinakwenda kasi. Crispin alikuwa ametaja mwenyewe mahali alikoipeleka bunduki: Mwanjelwa, Mbeya, kwa mfanyabiashara wa vitu vya kale aitwaye Shamsudin.

Jioni akamwambia, "Kaka, kesho nakwenda Makambako kuchukua vitambaa. Utakaa na baba?"

Alitarajia akatae. Crispin akatoa pochi, akampa nauli ya kwenda na kurudi.

"Nenda tu, dada. Hata siku mbili. Baba si wetu sote?"

Miaka kumi na moja hakuwahi kulitamka neno hilo, "wetu". Benedicta alipaswa kuogopa palepale. Hakuogopa.

* * *

Saa tisa mchana Jumatatu, Benedicta alikuwa amesimama ndani ya duka la Shamsudin, Mbeya. Mkobani alikuwa na komeo la ile bunduki aliyoletewa baba yake, amelichomoa alfajiri na kulifunga ndani ya kanga. Bunduki nzima usingeweza kupanda nayo basi. Komeo lingetosha kumsuta mtu.

Duka lilijaa saa za ukutani zilizokufa, viti vya misheni, na taa za chemli. Shamsudin alikuwa mtu mzima mnene, kofia ya kitambaa kichwani, miwani puani.

"Karibu, mama."

"Mimi ni dada yake Crispin Luvanda, wa Iringa."

Akaweka lile furushi mezani. Likalia kwa uzito wa chuma.

Uso wa Shamsudin ukachanua.

"Alhamdulillahi! Kumbe mzee amelitoa? Na mimi nimempa Crispin mpaka kesho tu! Njoo, njoo huku nyuma, mama. Lusekelo, weka kiti!"

Benedicta alikuwa ameandaa matusi ya safari nzima. Akayameza yote. Akamfuata.

Chumba cha nyuma kilikuwa karakana. Fundi Lusekelo, Mnyakyusa mwembamba mwenye mikono myeusi kwa grisi, alikuwa akikata chuma kwa grenda. Na juu ya meza, kwenye blanketi safi, ililala bunduki. Benedicta aliitambua kabla hajaifikia. Namba 4417. Saba yake haikuwa na mkia.

"Kaka yako alikueleza kwa nini nalitaka hili komeo?" Shamsudin akauliza.

"Hakunieleza vizuri."

"Basi sikiliza, mama. Bunduki za namna hii Mjerumani aliziacha nyingi. Bila alama ni chuma na mti. Mtu ataitundika baa. Lakini tazama hii." Akaanza kuonyesha kwa ncha ya kalamu, bila kugusa. "Taji hili, chapa ya kiwandani. Kisahani cha shaba kitakoni, kombania ya Iringa. Mtutu 4417. Hapa 4417. Mti 4417. Hata skrubu, ukichukua lenzi, zina 17, mwisho wa namba. Wanunuzi wa ng'ambo hawatafuti bunduki, mama. Wanatafuta vyuma ambavyo havijawahi kuachana."

"Na vikiachana?"

"Ndiyo msiba wangu! Komeo lililokuja na bunduki lina 902. Komeo la bunduki ya mtu mwingine kabisa. Bei ikaanguka. Kutoka Land Cruiser mpaka pikipiki, wallahi. Nikamwambia Crispin, baba yako si mjinga. Alipopofuka alijua siku moja mtamwibia, akalibadilisha, la kweli akalificha. Mtafutie njia aseme."

Benedicta akayarudia maneno hayo. "Mtafutie njia."

"Ndiyo. Na leo amepata nafasi, akaniambia nyumba itakuwa..."

Hapo Shamsudin akafungua kanga. Akalitazama komeo. Akaligeuza. Akavua miwani.

"Lusekelo," akasema polepole, "hii si kazi yako?"

Lusekelo akachungulia. "Ndiyo yangu, bosi. Ile bunduki iliyonyolewa alama. Niliigonga namba Jumatano, ya yule mzee asiyeona."

Wote wawili wakamgeukia Benedicta.

Lakini Benedicta hakuwa anawatazama. Ile nauli ya kaka yake ilikuwa imepata maana. Aliyeondolewa nyumbani ni yeye.

* * *

Alimpigia jirani. Simu imezimwa. Akampigia Evarista kwa video. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena.

Evarista akapokea, sura imevimba kwa kulia.

"Wifi," akanong'ona, "rudi."

"Nionyeshe baba."

"Wifi, usi..."

"Nionyeshe!"

Picha ikayumba, ikatulia. Barazani, mahali ambapo upepo wa Julai wa Iringa huingia kama wembe, mzee Saulo alikuwa ameketi kwenye benchi. Amevuliwa shati. Singlendi imelowa chapachapa na kunata mbavuni. Miguu yake miwili imo ndani ya beseni la maji. Midomo ilikuwa imegeuka rangi ya majivu.

Mbele yake alisimama Crispin, ndani ya jaketi, blanketi la mzee likiwa begani kwake. Mkononi alikuwa na ndoo.

"Neno moja tu, baba," alikuwa akisema, kwa upole kabisa, kama anayembembeleza mtoto ale. "Sema komeo liko wapi, nikufunike."

"Crispin!" Benedicta akapiga kelele.

Crispin akageuka, akaiona simu mkononi mwa mkewe. Evarista akapiga hatua nyuma, lakini mumewe hakumpiga. Alitabasamu kwenye kioo.

"Dada! Vitambaa umepata?"

"Mfunike baba!"

"Akisema."

"Atakufa!"

"Akisema hatakufa. Ni yeye tu na ulimi wake."

Akainua ndoo.

Benedicta akaangalia huku na huku. Macho yake yakakutana na grenda ya Lusekelo, bado iko kwenye umeme. Akaitwaa. Akaiwasha. Mlio ukajaza chumba. Akashusha lile jiwe linalozunguka mpaka unene wa ukucha juu ya 4417, akailekeza simu ionyeshe.

"Kaka, tazama hapa vizuri!"

Shamsudin akapiga magoti. Nasema kweli, mtu mzima yule alianguka magoti kwenye vumbi la chuma.

"Mama! Hapo usiguse! Kugusa mara moja tu imekufa! Namba ndiyo bunduki yenyewe!"

"Usiniambie mimi. Mwambie yeye."

Shamsudin akaivamia simu. "Crispin! Mfunike mzee! Mfunike sasa hivi, mwendawazimu wewe, dada yako anatuua!"

Si kwa huruma, msomaji wangu. Kifua cha mzee hakikumhusu. Alikuwa akiihurumia namba.

Crispin aliitazama grenda. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko alivyomtazama baba yake siku nzima. Kisha akaweka ndoo chini, akalitoa blanketi begani, akamtupia mzee.

"Mtoe miguu majini," Benedicta akaamuru.

Akamtoa.

"Umkaushe."

Akamkausha, kwa kofia yake mwenyewe.

"Evarista, chai."

Evarista akaiegemeza simu dirishani, akakimbilia jikoni. Akarudi na kikombe. Mzee alikishika kwa mikono miwili, nusu ikamwagika. Meno yalikuwa yanagongana hata Mbeya yalisikika.

Benedicta alianza kupumua. Alidhani ameshinda.

"Bene," mzee akaita. "Zima hiyo mashine. Nataka kusema."

Akaizima, lakini hakuiweka chini.

"Crispin, mwanangu. Nimechoka. Baridi imeingia kwenye mifupa. Komeo liko kwa mama yenu."

"Mama gani? Mama ana miaka tisa kaburini."

"Ndiyo huko. Nililiweka chini ya mto wake kabla hatujapigilia misumari. Nikajua pale hamtafika."

Jogoo wa jirani aliwika mara mbili. Crispin alijikuna kidevu, na Benedicta akaona, kwenye kile kioo kidogo, jinsi kaka yake alivyokuwa akipiga hesabu ya umbali.

"Evarista," Crispin akasema. "Jembe liko wapi?"

"Crispin! Ni mama yako!"

"Ni udongo."

"Kaka, ukiligusa kaburi la mama naifuta!" Benedicta akawasha tena.

"Hutaifuta," Crispin akajibu, akiwa tayari anatoka nje ya picha. "Ukiifuta, kumbuka baba unaye huku, na nitarudi."

Benedicta aliona mwanga mmoja tu. Bunduki isiyo na namba haihitaji komeo lenye namba. Asiyehitaji komeo hachimbi. Akili ya mtu aliyebanwa ndivyo ifanyavyo kazi.

"Crispin, tazama! Tazama uone!"

Akalikandamiza jiwe la grenda kwenye chuma.

Cheche zikaruka mpaka darini. Shamsudin akamrukia kiunoni, akamvuta. Jiwe likateleza likala na taji. Lusekelo akachomoa waya ukutani. Alikuwa amechelewa. Mlio uliposhuka na kufa, mahali palipokuwa na 4417 palikuwa panang'aa kama kijiko kipya.

Benedicta akainua macho kwenye simu, akihema.

Kwenye kioo lilikuwepo benchi, na mzee, na kikombe. Kwa mbali gari lilikuwa linaondoka, gia ya kwanza, ya pili, mpaka likapotea.

Crispin hakuwa ameona kitu.

* * *

Shamsudin aliketi sakafuni, mgongo ukutani. "Vita nzima ilipita haikufa," alirudiarudia. "Ikafichwa, ikavuka wakoloni wawili, haikufa. Imekuja kufa kwangu."

"Bene, upo?" ilisema simu.

"Nipo, baba. Nimeifuta. Mwambie wifi amkimbilie kaka, anachimba bure."

"Anachimba bure hata usingeifuta. Komeo halipo huko."

Benedicta akadhani hakusikia sawasawa. "Baba?"

"Jana Crispin hakuja kanisani, alikuwa bado njiani. Hakusikia matangazo." Sauti ya mzee ilikuwa imetulia sasa, ila baridi iliikata vipandevipande. "Leo saa kumi jumuiya zote zinakwenda kufyeka makaburi. Wanaume, wanawake, vijana wa kwaya. Kila mtu aende na panga lake. Ndivyo katekista alivyotangaza."

Ukutani, saa moja pekee iliyokuwa hai katika duka lile ilionyesha tisa na nusu.

"Baba, watamkuta ndani ya kaburi la mama."

"Ndiyo."

"Watamuua!"

Mzee Saulo alikunywa chai. Alikunywa kwa sauti, kama anavyokunywa siku zote.

"Jana alinichana kidole, nikasema ni hasira, mtoto wangu ana hasira. Leo amenimwagia maji mara tatu, Bene. Ya kwanza alikuwa ananifokea. Ya pili alinyamaza." Akaweka kikombe chini kwa kupapasa. "Ya tatu alikuwa anapiga mluzi."

Benedicta akaita, "Wifi! Wifi Evarista, uko wapi?"

Evarista akatokea mlangoni, amejifunga kanga kifuani. Alikuwa ameacha kulia.

"Nimesikia yote, wifi."

"Mpigie mumeo! Mimi hatanisikiliza, lakini wewe mkewe atakusikiliza! Mpigie!"

Evarista alitazama barabara. Vumbi la gari lilikuwa bado halijatua. Akainama, akamfungia mzee blanketi vizuri shingoni, akachukua kikombe.

"Chai ya baba imepoa," akasema. "Ngoja nikaipashe."

Akaingia ndani. Picha ikabaki na benchi na yule mzee, uso ameuelekeza upande wa makaburi kama mtu anayesubiri kusikia kengele.

Benedicta akaikata simu. Akafungua majina. Akalipata la Crispin. Kidole kikasimama juu yake, hakikushuka.

Ghafla simu ikaita. Si yake. Ya Shamsudin, mfukoni. Akaitoa, akasoma jina, akageuka rangi. Akapokea, akaweka sauti kubwa.

"Shamsudin," ilikuwa sauti ya Crispin, anahema, na nyuma yake upepo. "Nimefika. Udongo ni laini, nusu saa hivi nitakuwa nalo. Nataka kuuliza kabla sijajichosha. Nikilipata, bei ni ileile?"

Shamsudin aliitazama bunduki iliyokufa mezani. Akaziba simu kwa kiganja, akamtazama Benedicta kwa macho yaliyojaa maji na chuki.

"Nimwambie nini, mama?"

Benedicta alivuta kanga yake pale mezani, akaikung'uta vumbi la chuma, akajitanda mabegani.

"Mwambie achimbe."